Nimegawa chakula mafungu matano sawa kwa sawa, kaka anasema ni ujinga, tununue njiani

SWALI

Shikamoo dada. Pole na kazi ya kusoma shida zetu kila wiki. Yangu naona hata aibu kuiandika maana watu watasema na hii nayo ni shida, ila nyumbani kwetu imeshakuwa ugomvi kamili, mimi na kaka yangu hatuongei vizuri wiki ya pili sasa.

Iko hivi. Mimi na kaka tunaenda kutembea njia ndefu ya milimani, kilomita 540 kwa miguu, mabegi mgongoni, kulala kwenye hema. Tumepanga siku 27, kilomita 20 kila siku. Kwenye kilomita 100 kuna mji una supamaketi na posta, kilomita 180 kuna kijiji chenye kiduka kimoja ila mwenye duka amekubali kutupokelea boksi, alafu kinafuata kipande kirefu cha milima mirefu mpaka kilomita 340 ndo kuna loji inayopokea maboksi ya wapita njia, kilomita 420 mji mwingine wenye maduka, baada ya hapo hamna kitu mpaka mwisho. Kwenye kilomita 260 kuna kituo cha wageni nacho kinapokea maboksi lakini kiko kilomita 6 pembeni, nikaona kwenda na kurudi kilomita 12 za bure za nini, nikakiruka.

Sasa mwaka jana tulitembea njia ya kilomita 140. Tulipanga siku 7, ikachukua 9. Jioni ya siku ya 7 chakula kikaisha. Dada sitasahau, kaka amekaa juu ya jiwe anakwangua kopo la siagi ya karanga kwa mpini wa kijiko maana kichwa cha kijiko kilikuwa hakifiki kwenye kona za chini, mikono inamtetemeka, na kile kidogo kilichotoka akanisogezea mimi. Na mimi nikala chote. Yeye ana kilo 88, mimi nina 58, na safari nzima tulikuwa tunagawana nusu kwa nusu.

Kwa hiyo mwaka huu nikasema hairudii. Nimenunua kila kitu mwenyewe, nimetengeneza mifuko 54, mfuko mmoja ni chakula cha mtu mmoja cha siku moja: asubuhi oti, mchana biskuti na samaki wa kopo, jioni mchele na maharage, yote inafanana. Nimegawa mafungu matano sawa kwa sawa, manne yana mifuko 11 na la mwisho 10. La kwanza tunaondoka nalo, manne nimeshayapiga selotepu yako sebuleni na mama ndo atakuwa anayatuma. Kaka kuyaona tu akasema ni ujinga, eti tununue kila kitu njiani, kuna watu wanatembea kilomita 35 kwa siku na wanabeba chakula cha siku tatu tu, na kama nataka kubeba duka nibebe mwenyewe. Mama naye kachoka na maboksi. Nani yuko sahihi, na nifanyeje? Tunaondoka baada ya miezi miwili.

Mwenye maboksi

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Hiyo aibu iweke pembeni. Njaa ya milimani naijua, inakufanya umwangalie mtu unayempenda anavyotafuna na moyoni unahesabu, kwa hiyo mimi siioni ndogo hata kidogo.

Nianze na la haraka maana hilo ndo limenishtua. Chukua kisu ufungue yale maboksi leo. Umegawa chakula kwa idadi ya maboksi wakati chakula kinagawanywa kwa urefu wa kipande kinachofuata, na vipande vyako havilingani hata kimoja na jirani yake. Angalia fungu la tatu, lile mtakalochukua kijijini kilomita 180. Mbele yake kuna kilomita 160. Kwa hesabu yako mwenyewe ya kilomita 20 hizo ni siku 8, watu wawili, mifuko 16, na humo umeweka 11. Inapungua mitano, na ni katikati ya milima mirefu ambako hamna duka wala barabara. Fungu la pili lina mitatu ya ziada, la nne lina mitatu ya ziada, la mwisho linapungua miwili. Jumla inatimia 54 vizuri kabisa kwenye karatasi na nyie mnalala njaa palepale.

Sasa hiyo kilomita 20 yenyewe. Rudia kusoma ulichoniandikia, kilomita 140 siku 9. Hiyo ni kama kilomita 16 kwa siku, sio 20. Mdogo wangu, mwaka jana chakula chenu hakikuisha mapema, kiliisha siku ileile mliyopanga kiishe, nyie ndo mlikuwa bado mko njiani. Ndo maana kununua vingi peke yake hakutaponya kitu kama mwendo kwenye makaratasi ni wa watu wengine. Na mwaka huu mnaanza na mabegi mazito na miguu ambayo haijazoea, siku za mwanzo huwa ni za kuchubuka visigino na kupumzika pumzika, kwa hiyo kipande cha kwanza hesabu 16, kipande cha milima mirefu hesabu 16 pia hata kama miguu itakuwa imekomaa maana kupanda ni kupanda, cha pili weka 18, vile viwili vya mwisho hapo sawa weka 20 mtakuwa mmeshakuwa watembeaji. Inakuja kama siku 7, halafu 5, halafu 10, halafu 4, halafu 6. Siku 32, na bado siku za kupumzika mjini. Kama mmeomba ruhusa kazini ya siku 27 na moja ya kusafiri, hilo nalo lirekebisheni sasa hivi maana mtu anayekimbizana na tarehe anakula vibaya na analala vibaya.

Kuhusu hao wa kilomita 35, wapo kweli, simkatalii kaka. Kule Marekani kwenye Appalachian Trail, njia ndefu ya kutembea kwa miguu milimani, jimbo la Maine, kuna kipande cha kilomita kama 160 kinaitwa Hundred-Mile Wilderness na mwanzoni mwake kuna bango linaonya mtu asiingie kama hana chakula cha siku 10. Wanaofika pale baada ya miezi kadhaa ya kutembea wengi wanakimaliza kwa siku pungufu ya hizo. Ila bango limeandikwa kwa ajili ya wote, na kipande chenu cha tatu ni kilomita 160 vilevile. Nyie miguu yenu ni ile ya mwaka jana mpaka ithibitike vingine.

Kitu kingine, acha kuhesabu siku, hesabu usiku. Siku mnayofika mjini mtakula mjini, siku mnayoondoka mtakunywa chai mjini. Kipande cha siku 5 kina usiku 4, kwa hiyo vyakula vya jioni 4, vya asubuhi 4, vya mchana 5, basi. Mwenye kuhesabu siku nzima nzima anabeba mlo mmoja au miwili ya bure kila kipande alafu anashangaa begi zito. Juu ya hesabu hiyo weka mlo mmoja wa jioni wa akiba kwa kila mtu, uwe chini kabisa ya begi, na usiguswe mpaka mvua iwafungie ndani ya hema.

Twende kwenye hicho kituo cha kilomita 260 ulichokiruka, maana hapa nataka ubadilishe mawazo kabisa. Siku 10 kwa wastani wa gramu 800 kwa mtu ni kilo 8 za chakula kila mmoja, juu ya hema, nguo, maji na jiko, na mnatoka nazo kijijini mkianza kupanda siku hiyohiyo. Mkikatisha pale kilomita 260 mnabeba kilo 4, mnafika, mnachukua boksi lenye kilo 4 nyingine. Hizo kilomita 12 zitawala sehemu kubwa ya siku, sikatai, na inabidi chakula cha siku hiyo kihesabiwe, lakini mnalala pale, mnaoga, mnakula chakula cha moto ambacho hamkukibeba, na mgongo wa mtu wa kilo 58 unaokoa kilo 4 kwa siku tano za mlima. Mimi hapo hata nisingefikiria mara mbili. Kama mpango mzima utabadilisha kitu kimoja tu basi badilisha hiki.

Halafu suala la wewe na kaka. Umeniandikia uzito wenu bila kuulizwa na nadhani unajua kwa nini umeuandika. Mtu wa kilo 88 anayepanda mlima na begi anaunguza nguvu nyingi kuliko wa kilo 58, nusu kwa nusu inaonekana haki ila yeye mwaka jana alikuwa anatembea na njaa tangu siku ya pili au ya tatu, mikono haikuanza kutetemeka siku ya saba kwa bahati mbaya. Na akakupa wewe lile kopo. Mwambie unakumbuka. Mwambie kabla hamjafungua mjadala wa maboksi, nahisi nusu ya ugomvi itaishia hapo.

Kwa vitendo fanyeni hivi, jioni pikeni pamoja sufuria moja yeye apakue zaidi, lakini asubuhi na vya mchana kila mtu awe na mfuko wake mwenyewe begani, anakula anapotaka, anajua kilichobaki, hamna kuangaliana. Na viwango visiwe vilevile mwanzo mpaka mwisho. Siku za mwanzo hamu ya kula huwa ndogo, uchovu na mwinuko vinaifukuza, gramu 650 kwa kichwa zinatosha. Ikifika wiki ya pili au ya tatu njaa inakuja ambayo hamjawahi kuiona, mtu anaamka usiku kwa njaa, hapo nendeni 800 mpaka 900. Hizo ni za wastani, wewe shuka kidogo kaka apande kidogo. Kwa hiyo mafungu ya mwisho ndo yanatakiwa kuwa mazito kwa kila siku moja, kinyume na mtu anavyodhani akiwa nyumbani ameshiba.

Ila gramu peke yake zinadanganya. Mfuko wako wa samaki wa kopo na maharage unaweza kuwa mzito na bado hauna nguvu ndani. Mafuta yana kalori 9 kwa kila gramu, wanga na protini 4, maji hayana kitu, na kopo la samaki wa kwenye maji lina kama kalori 110 tu kwa gramu 100, juu yake unabeba bati kwenda na bati kurudi. Karanga gramu zilezile 100 zina zaidi ya 550, siagi ya karanga karibu 600, oti kavu kama 380. Lenga mfuko mzima wa siku utoke kama kalori 4 na nusu kwa kila gramu, hapo gramu 800 zinakupa 3,600. Njia rahisi kuliko zote ni kichupa cha mafuta ya kula, vijiko viwili vikubwa kwenye chakula cha jioni vinaongeza kama 240 na hata hutayasikia mdomoni. Samaki tafuta wa kwenye pakiti laini aliye kwenye mafuta, wa kwenye kopo mle mkiwa mjini.

Maharage makavu hapana. Mchele wa kawaida nao kwa kule juu hapana. Maji yanachemka kwenye joto dogo kadri unavyopanda, inashuka kama nyuzi 1 kwa kila mita 300, kwenye mita 3,000 yanachemka kwenye nyuzi kama 90, mtachemsha maharage mpaka gesi iishe na bado yanagonga meno. Pika nyumbani, kausha kabisa, au nunua vilivyokwisha kupikwa na kukaushwa, kule ni kumwaga maji ya moto, kufunika, kuvika sufuria soksi au sweta lisipoe, dakika 15 au 20 mnakula. Jaribuni chakula kilekile na jiko lilelile wikendi moja kabla ya safari ili mjue gesi inaenda kiasi gani.

Na mifuko 54 inayofanana! Mtakinai. Oti ya ladha moja asubuhi ya kumi na nne haishuki, unaigeuza geuza mdomoni, unamwaga, alafu unatembea bila kitu tumboni huku begi limejaa chakula. Nimeona watu wanafika loji wanaacha kilo mbili tatu kwenye lile boksi la kuachia wenzako na karibu yote ni oti. Chukua nusu ya oti zako zitoe, weka vitu vya chumvi asubuhi nyingine, tambi, viazi vya unga, supu ya unga na jibini ngumu. Chumvi usiiogope, jasho linaitoa.

Sasa nani yuko sahihi. Kaka yuko sahihi kwenye kilomita 100 na 420, pale kuna maduka, nunueni palepale kile ambacho siku hiyo mnakitamani, ya nini kulipia posta mchele ambao uko dukani. Wewe uko sahihi kwenye kijiji, kituo na loji. Kiduka kimoja cha kijijini ukikikuta kimebaki na soda na pipi, siku tano mnakula soda na pipi. Emma Gatewood mwaka 1955 akiwa na miaka 67 alitembea Appalachian Trail yote peke yake, zaidi ya kilomita 3,000, na kifuko alichoshona mwenyewe, chakula chake kilikuwa vitu vya dukani vya kawaida kabisa, karanga, zabibu kavu, maziwa ya unga, soseji za kopo, kwa hiyo kununua njiani sio uzembe kama unavyomwona kaka. Ila kununua njiani kunataka duka liwepo.

Kwa hiyo mama anabaki na maboksi matatu, la kilomita 180, la 260 na la 340, sebule itapumua. Na chakula cha fungu la pili na la tano kilichobaki usinunue kipya, kihamishie kwenye haya matatu na lile mnaloondoka nalo, mtaona mnahitaji kuongeza mafuta, karanga na vitu vya chumvi tu. Piga simu kila sehemu kabla ya kutuma, uliza kama bado wanapokea, wanakaa nalo siku ngapi, wanatoza kiasi gani, na wanataka limeandikwaje. Juu ya boksi andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho na tarehe mnayotegemea kufika, na ubavuni mwandikie mama kwa maandishi makubwa tarehe ya kulitoa nyumbani, wiki mbili kabla hivi, asikae anakokotoa. Mtungi wa gesi na kiberiti usiweke humo kabla ya kuuliza posta maana kwenye ndege havipandi, nunueni njiani. Na kama mtapitia posta yoyote msifike Jumamosi mchana, mtakaa kwenye ngazi mpaka Jumatatu mnakula akiba.

Sabuni iende mbali na chakula. Hili nililipia mimi mwenyewe, nilituma kipande cha sabuni ya kufulia kwenye boksi moja na oti na majani ya chai, kilikuwa kimefungwa karatasi nikaona inatosha, boksi likakaa kwenye joto wiki tatu. Siku tano nilikunywa chai yenye harufu ya nguo zilizofuliwa, uji nikala nimeziba pua. Chakula chote kwenye mifuko ya zipu, hewa itolewe, makaratasi ya dukani yote yabaki nyumbani, na ndani ya kila boksi weka kitu kimoja ambacho kaka anakipenda na hajui kama kipo.

Ule selotepu usirudishe. Maboksi yakae wazi mpaka siku ya kutumwa, mkifika kilomita 100 mtakuwa na siku saba za ukweli mikononi, mtajua mnatembea kilomita ngapi, nini kimewachosha na nini mlikigombania, hapo ndo unampigia mama unamwambia toa hiki ongeza kile kwenye boksi la 340. La kijijini kilomita 180 na la 260 yatakuwa yameshaondoka, kwa hiyo hayo mawili yapange vizuri kuliko yote, na muanze nayo wikendi hii wewe na kaka, mzani katikati ya meza.